Fainali ya Jumamosi: je, Samoa ina nafasi ya kweli mbele ya Australia?

Mwalimu wa Langoni (Lamu), Jumatano 16 Novemba 2022

Assalaam aleikum, ndugu zangu wapenzi wa michezo.

Jumamosi hii, tarehe 19, saa moja ya usiku kwa saa zetu, Australia na Samoa watashuka katika uwanja wa Old Trafford, Manchester, kucheza fainali ya Kombe la Dunia la raga ligi, yaani ile raga ya wachezaji kumi na watatu kila upande. Mashindano haya yalipaswa kufanyika mwaka jana, yakaahirishwa kwa sababu ya korona, na sasa fainali yake imeangukia siku ambazo mji mzima unazungumzia kandanda, kwa kuwa Jumapili Qatar itafungua Kombe la Dunia la kandanda kwa kucheza na Ekuador. Hata hivyo nimewaahidi vijana kumi na wawili wa shule ninayofundisha kwamba fainali hii tutaitazama pamoja, na tangu nilipotoa ahadi hiyo wamekuwa wakinisubiri mlangoni mwa darasa na maswali ambayo mengine sina majibu yake.

Swali lililonikaa rohoni zaidi lilitoka kwa kijana wa kidato cha pili ambaye kwa kawaida ni mkimya. Alikuwa amenakili matokeo ya Samoa nyuma ya daftari lake la hesabu: tarehe 15 Oktoba, Newcastle, Uingereza 60, Samoa 6, kisha Samoa 72, Ugiriki 4, Samoa 62, Ufaransa 4, robo fainali, Samoa 20, Tonga 18, na Jumamosi iliyopita, katika nusu fainali kule London, Samoa 27, Uingereza 26. Aliweka kidole kwenye mstari wa kwanza, akakiteremsha taratibu hadi wa mwisho, akasema: "Mwalimu, timu ni ile ile, mpinzani ni yule yule, na zimepita siku ishirini na nane tu. Kilichobadilika ni nini?" Nilimwambia nitamjibu kabla ya Jumamosi.

Ninachokijua ni kwamba Australia imelichukua kombe hili mara kumi na moja, ilhali Samoa haijapata kucheza fainali yake hata moja, na kabla yake hakuna nchi yoyote ya visiwa vidogo vya Pasifiki iliyofika hapo. Naomba mnisaidie kwa mambo mawili. Kwanza, je, Samoa ina nafasi ya kweli, au sisi tunaoishabikia tunasukumwa tu na huruma ya kumtakia mema mnyonge? Pili, vijana hawa wameijua raga kupitia timu yetu ya taifa ya wachezaji saba. Nitawaelezaje raga ligi kwa muda mfupi, ili wasikae dakika themanini wakitazama watu wanaangushana bila kuelewa kinachotafutwa?

Mkongwe wa Malindi, Alhamisi 17 Novemba

Waaleikum salaam, Mwalimu. Ujanani nilicheza raga ya wachezaji kumi na watano, mstari wa mbele, na raga ligi nimeifuata kwa macho kwa zaidi ya miaka ishirini. Nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu ndani yake ndimo limo jibu la lile la kwanza.

Waeleze vijana kwamba hizi ni raga mbili zilizotengana tangu mwaka 1895, pale vilabu vya kaskazini mwa Uingereza vilipokutana Huddersfield na kujitoa katika chama cha raga. Wachezaji wa vilabu hivyo walikuwa watu wa migodini na viwandani. Mtu akiacha kazi siku ya Jumamosi ili akacheze, alikosa ujira wa siku hiyo, na wakuu wa chama walikataa wasifidiwe. Baada ya kutengana, ligi ilibadilisha sheria hatua kwa hatua ili mpira uonekane zaidi na msongamano upungue. Idadi ya wachezaji ikashuka kutoka kumi na watano hadi kumi na watatu, ule mtindo wa kuurusha mpira kutoka pembeni huku watu wakinyanyuana ukaondolewa, na kule kugombania mpira chini baada ya mtu kuangushwa pia kukaondolewa.

Jambo hili la mwisho ndilo roho ya mchezo. Katika raga ligi, mwenye mpira akikabwa na kuangushwa hapokonywi. Huinuka, huuweka mpira chini na kuusukuma nyuma kwa wayo, na mwenzake huuokota. Wakabaji, isipokuwa wawili wanaoruhusiwa kusimama mbele yake, ni lazima wawe wamerudi nyuma meta kumi. Timu hupewa nafasi sita za namna hiyo. Ikiangushwa mara ya sita bila kufunga, mpira unakwenda kwa wapinzani pale pale ulipo. Ndiyo maana baada ya kuangushwa mara ya tano utaona karibu kila timu ikiupiga mpira kwa mguu, ama mbali, ili wapinzani waanzie karibu na mstari wao, ama juu sana kwenye kona, ili mkimbiaji wa pembeni aurukie. Trai, yaani kuugusisha mpira chini nyuma ya mstari wa wapinzani, ni alama nne, mkwaju unaopigwa baada ya trai ni alama mbili, adhabu ni alama mbili, na mkwaju wa kudondosha, ambao mpigaji huuachia mpira uguse ardhi kisha akaupiga papo hapo, ni alama moja. Moja tu, lakini ndiyo iliyoitoa Uingereza Jumamosi iliyopita.

Kwa vijana wako, chukua komwe sita za bao, zipange barazani kwa mstari, na kila mtu anapoangushwa sogeza moja kando. Usiwafundishe kitu kingine mpaka waizoee hesabu hiyo. Mtazamaji akishajua komwe ngapi zimebaki, anajua kwa nini mchezaji amekimbia kwa nguvu kifuani mwa adui badala ya kupiga pasi, na anajua kwa nini umati umenyanyuka kabla hata mpira haujapigwa.

Sasa nije kwa kijana wako wa kidato cha pili, ambaye ameuliza swali zuri kuliko mengi niliyoyasikia kwa watu wazima. Tarehe 2 Oktoba ilichezwa fainali ya ligi kuu ya Australia kati ya Penrith na Parramatta. Nguzo za Samoa zilikuwa katika mchezo huo: Jarome Luai, Brian To'o na Stephen Crichton wakiwa Penrith, na nahodha Junior Paulo akiwa Parramatta. Siku kumi na tatu baadaye watu hao hao walikuwa Newcastle, upande wa pili wa dunia, wakicheza na Uingereza mbele ya mashabiki wake. Mchezo wa kuhesabu hadi sita unataka watu kumi na watatu wanaojua bila kuambizana nani anakimbia nafasi ya tatu na nani anasimama nyuma kwa ajili ya mkwaju wa baada ya kuangushwa mara ya tano, na ujuzi huo hauji kwa siku kumi na tatu. Tazameni pia kwamba sehemu kubwa ya zile alama 60 iliingia kipindi cha pili, wakati miguu ilipochoka na kila mmoja akaanza kuliziba pengo la mwenzake bila mpango. Walipokutana tena London walikuwa wamekaa pamoja mwezi mzima.

Pamoja na hayo, Mwalimu, moyo wangu uko na Samoa lakini hesabu yangu iko na Australia. Sababu yangu ni nusu fainali yao na New Zealand kule Leeds. New Zealand ilikwenda mapumzikoni ikiwa mbele kwa alama 14 kwa 10, ikicheza raga iliyo bora kuliko timu yoyote katika mashindano haya, na kipindi chote cha pili haikupata hata alama moja. Mchezo uliisha 16 kwa 14. Timu inayoweza kumnyima mpinzani wa namna ile kwa dakika arobaini haihitaji kung'ara ili ishinde. Muongezee hapo Nathan Cleary, ambaye mkwaju wake wa mara ya tano huwaacha wapinzani wakianza tena na tena kwenye meta zao kumi za mwisho, na James Tedesco, nahodha anayejitokeza kila palipo na mwanya. Mimi naona Australia ikishinda kwa tofauti ya alama kumi na mbili au zaidi.

Nahodha wa Matondoni (Lamu), Alhamisi 17 Novemba, usiku

Masalkheri, Maalim, nawe mzee wetu wa Malindi.

Raga siijui kama mnavyoijua, lakini swali la kijana nimelielewa mara moja, kwa sababu limewahi kunifika baharini. Mwaka mmoja tuliingiza mashua katika mashindano, tanga jipya, foromali tuliyoichonga wenyewe, na mabaharia ambao kila mmoja peke yake ni mtu wa kutegemewa. Wawili kati yao walikuwa wamefika asubuhi ile ile kutoka Mombasa. Tulikwenda vizuri mpaka kwenye boya la kwanza. Tulipobisha, yaani kuigeuza mashua ili tanga lishike upepo kwa upande wa pili, mmoja alivuta kamba wakati mwenzake analegeza, tanga likapiga kelele kama nguo inayochanika, na kabla hatujakaa sawa mashua tatu zilikuwa zimetupita. Tulimaliza wa mwisho. Baada ya wiki chache, mashua ile ile na watu wale wale, tulimaliza wa pili, na sikumbuki kwamba nilitoa amri mara nyingi siku hiyo. Mwambie kijana kwamba kilichobadilika ni kubisha.

Ila kwa heshima zote, mzee wetu, hesabu yako siikubali yote. Nimeyatazama matokeo ya Australia. Fiji 42 kwa 8, Uskoti 84 kwa 0, Italia 66 kwa 6, Lebanon 48 kwa 4. Hayo ni maji ya ndani ya mkondo, hayana wimbi. Mara moja tu wametoka bahari kuu, nayo ni siku ya New Zealand, na wakarudi kwa tofauti ya alama mbili. Samoa wao wametoka bahari kuu majuma mawili mfululizo: wamemshinda Tonga kwa alama mbili, wamemshinda Uingereza kwa alama moja, tena baada ya kusawazishiwa mwishoni na kulazimika kuanza upya katika muda wa ziada ambao atakayepata alama ya kwanza ndiye mshindi. Watu waliokwisha kuzoea kushinda kwa alama moja hawatishiki wakiwa nyuma kwa sita.

Binti wa Shela (Lamu), Ijumaa 18 Novemba, asubuhi

Mwalimu, kuna upande mmoja ambao kaka yangu Nahodha na mzee wetu hawajaugusa, nao ndio ulionifanya mimi niupende mchezo huu.

Samoa yote ina watu laki mbili na kidogo. Kaunti yetu ya Lamu, kwa hesabu ya watu ya mwaka 2019, ilikuwa na watu wapatao laki moja na elfu arobaini na nne. Hebu fikirieni sisi, pamoja na nusu nyingine juu yetu, tukipeleka timu katika fainali ya dunia. Inawezekana kwa sababu Wasamoa hawako Samoa peke yake. Wazazi na mababu walihamia Auckland na magharibi mwa Sydney kutafuta kazi, watoto wakazaliwa huko, wakakulia katika mchezo wa huko, na kwa miaka mingi walio hodari zaidi miongoni mwao waliishia kuvaa jezi ya Australia au New Zealand. Waliobaki ndio waliovaa ya Samoa.

Mambo yalianza kugeuka mwaka 2017, pale Jason Taumalolo, aliyekuwa mchezaji wa New Zealand, na Andrew Fifita, aliyekuwa mchezaji wa Australia, walipoamua kuchezea Tonga, nchi ya asili yao. Tonga ikaishinda New Zealand 28 kwa 22 huko huko New Zealand, ikafika nusu fainali na ikatolewa na Uingereza kwa alama mbili tu. Mwaka 2019 Tonga hiyo hiyo ikaishinda Australia 16 kwa 12 mjini Auckland. Na mchezo huo, mzee wetu wa Malindi, ndio uliokuwa wa mwisho kwa Australia kabla ya mashindano haya, maana baada yake korona iliwafungia. Kwa hiyo tukisema kwamba nchi ndogo ya Pasifiki haiwezi kuishinda Australia, tunakuwa tumesahau kilichotokea mara ya mwisho.

Luai, To'o na Crichton wamefuata njia hiyo hiyo. Kesho watakabana na Cleary, ambaye mwezi uliopita tu walinyanyua naye kombe la Penrith. Wanaijua kila ishara ya mkono wake, wanajua anapotazama kushoto mpira unakwenda wapi. Wiki hii nimeona picha za misafara ya magari yenye bendera za Samoa huko Auckland na Sydney, na kilichonigusa ni wazee, akina bibi waliokaa kwenye viti vya plastiki kando ya barabara wakipunga vitambaa. Mtu aliyewahi kuwa na jamaa ughaibuni anajua ule ni uso wa namna gani.

Mwalimu, waambie pia vijana wafike mapema waone Siva Tau, ngoma ya kivita ambayo Wasamoa huicheza wakiwakabili wapinzani kabla ya mpira kuanza. Waliokulia Lamu wakitazama kirumbizi, ngoma ya fimbo, wakati wa Maulidi hawatahitaji kuelezwa. Watatambua mara moja mtu anayemkaribia mwenzake kwa hatua zilizopimwa, jicho halipepesi, akimwonyesha kwamba amekuja kwa heshima na kwa nguvu pia.

Na kama mnataka mfano wa mnyonge aliyeshinda fainali yenyewe, upo. Mwaka 2008 New Zealand ilifungwa na Australia 30 kwa 6 mwanzoni mwa mashindano. Majuma machache baadaye, katika fainali iliyochezwa Brisbane, nyumbani kwa Australia, New Zealand ikashinda 34 kwa 20. Mpangeni kijana wa daftari autazame mfano huo: kufungwa vibaya mwanzoni, kisha kukutana tena mwishoni.

Mkongwe wa Malindi, Ijumaa 18 Novemba

Binti yangu, umenena vyema, na juu ya mchezo wa mwaka 2019 nakubali kwamba niliusahau. Fainali ya mwaka 2008 naikumbuka kwa sababu niliitazama nikiwa nimesimama, sikuweza kukaa. Lakini naomba tusiilinganishe moja kwa moja. New Zealand hata ikiwa mnyonge ni taifa lililocheza na Australia kila mwaka kwa miaka mingi, na siku ile benchi lao lilikuwa na Wayne Bennett akimsaidia kocha Stephen Kearney, mtu aliyeijua raga ya Australia kama kiganja chake.

Tena mchezo ule uligeuzwa na kosa. Billy Slater, mmoja wa walinzi bora wa nyuma niliopata kuwaona, aliudaka mpira karibu na mstari wa pembeni, na badala ya kutoka nao nje akautupa ndani ya uwanja bila kutazama. Benji Marshall akauangukia, ikawa trai. Ninawaombea Samoa wapate kosa la namna hiyo, ila mpango wa kushinda hauwezi kujengwa juu ya kosa la mwingine. Nikiwa kocha wao ningewaambia jambo moja: msiuangushe mpira katika nafasi zenu mbili za kwanza. Ukiuangusha ukiwa na komwe tano bado mbele yako, umemzawadia Cleary uwanja mzima, na mabeki wako wanaanza kukaba wakiwa hawajapumua.

Kama Samoa watamaliza nafasi zao zote kwa utulivu katika dakika ishirini za kwanza na wakawa nyuma kwa alama zisizozidi sita, nitafuta hesabu yangu ya jana na kukaa nikiomba dua.

Mwalimu wa Langoni, Ijumaa 18 Novemba, usiku

Ndugu zangu, sina maneno ya kutosha ya kuwashukuru. Mmenisaidia kuliko nilivyotarajia.

Leo baada ya swala ya Alasiri niliwachukua vijana hadi kwenye mchanga wa Shela nikiwa na komwe sita mfukoni na mpira wa raga uliochakaa hata maandishi yake yamefutika. Nilimweka yule kijana wa daftari pembeni, komwe zikiwa juu ya kipande cha mkeka, awe mwenye kuhesabu. Mara tatu za kwanza walisahau kurudi nyuma, wakamrundikia aliyeanguka kama walivyozoea. Mara ya nne mmoja wao aliinuka, akauweka mpira mchangani, akausukuma kwa wayo, na mwenzake akauokota na kukimbia hatua saba au nane kabla ya kukabwa. Pale pembeni nikasikia sauti ya kijana ikisema, "Mbili zimebaki!" na ghafla wote walianza kutazamana kuulizana nani atapiga. Kwa muda ule hakuna aliyehitaji maelezo yangu. Mzee wa Malindi, Mungu akulipe.

Tulipokaa kupumzika niliwaeleza kuhusu kubisha kwa mashua ya Nahodha na kuhusu zile siku kumi na tatu. Kijana aliandika "siku 13" kando ya ule mstari wa kwanza katika daftari lake, akazungushia duara. Kisha mwingine akauliza kuhusu Kenya, na hapo nilisita kidogo, kwa sababu siku ile ile Samoa ilipoishinda Uingereza, timu yetu ya wachezaji kumi na watano ilikuwa Dubai ikitafuta nafasi ya kwenda Kombe la Dunia la raga yao na ikafungwa na Ureno alama 85 kwa 0. Leo wamefungwa tena na Hong Kong na safari imeishia hapo. Sikuwaficha. Niliwaambia pia kuhusu Aprili 2016, Singapore, pale timu yetu ya wachezaji saba ilipoifunga Fiji 30 kwa 7 katika fainali na kuchukua kombe lake la kwanza la mzunguko wa dunia chini ya kocha Benjamin Ayimba, Mungu amrehemu. Wengi wao walikuwa watoto wadogo wakati huo. Fiji siku hiyo ndiyo iliyopewa nafasi yote, na miezi michache baadaye ikaenda kuchukua dhahabu ya Olimpiki Rio. Nililia siku ile, nami nikawaambia hivyo.

Nina jambo moja la utaratibu. Mchezo unaanza saa moja, na adhana ya Isha itatukuta katika kipindi cha kwanza. Nimezungumza na wazazi, tumekubaliana kwamba wakati wa mapumziko tutaswali jamaa pale pale uani, kisha turudi. Mapumziko ni mafupi, hivyo nimewaomba wote wafike wakiwa na udhu. Nahodha, ukiweza kuja na ule waya wako mrefu wa umeme utakuwa umetusitiri, maana soketi ya ukumbini iko mbali na mahali tunapotaka kuiweka televisheni.

Nahodha wa Matondoni, Jumamosi 19 Novemba, alfajiri

Waya nitakuja nao, na taa ya betri pia, endapo umeme utakatika kama ulivyokatika siku ya mechi ya kwanza ya Samoa. Televisheni ikizimika tutasikiliza kwa simu.

Binti wa Shela, Jumamosi 19 Novemba, asubuhi

Kabla hamjaondoka kwenda kwenye shughuli zenu: jana usiku, pale pale Manchester, imechezwa fainali ya raga ligi ya viti vya magurudumu. Ufaransa ndio waliokuwa mabingwa wa mwaka 2013 na wa mwaka 2017. Uingereza imewashinda 28 kwa 24, kwa trai iliyofungwa dakika za mwisho na nahodha wao Tom Halliwell. Niliitazama hadi mwisho na mikono yangu ilikuwa baridi.

Kabla ya mechi ya wanaume, Old Trafford hiyo hiyo itachezwa fainali ya wanawake, Australia na New Zealand. Walipokutana katika makundi Australia ilishinda 10 kwa 8 tu. Mwalimu, kama kuna wasichana wa shuleni kwako wanaotaka kuitazama, nyumbani kwetu mlango uko wazi tangu alasiri, na mama ameshaloweka mbaazi za kutosha. Baada ya hapo nitawaleta mwenyewe ukumbini kwa ajili ya ile ya usiku.

Mwalimu wa Langoni, Jumamosi 19 Novemba, adhuhuri

Dada yangu, wako wasichana watano, na wamefurahi mno. Nitawasindikiza hadi kwenu baada ya swala ya Alasiri.

Nimewauliza wote watabiri. Tisa wamesema Australia, saba wamesema Samoa. Yule kijana wa daftari hakutaka kutaja timu. Amesema yeye atatabiri kipindi cha kwanza kikiisha, akishaona Samoa wameuangusha mpira mara ngapi komwe zikiwa bado nyingi, na ameniomba nimwachie mkeka na komwe zote sita akae nazo mbele, karibu na televisheni.